Upinde ambao bado si wa kale

Wanangu ukiwapeleka makumbusho, wanatafuta silaha kwanza. Fort Jesus kule Mombasa walichoondoka nacho kichwani ni mizinga tu; Wareno na Waomani waliougombea mji ule wameshawasahau. Kwa hiyo likizo hii Mwanza nilijua Jiwe la Bismarck litapigwa picha mbili tatu, basi. Ikawa hivyo.

Bujora ilikuwa habari nyingine. Tulipanda daladala ya Kisesa pamoja na baba mkwe, ambaye miaka yote hakuona kwa nini alipe kiingilio aonyeshwe vitu vya Wasukuma. Makumbusho yale yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi, na ngoma za utemi zimo. Watoto walipita hapo mbiombio. Wakaganda kwenye mambo ya mhunzi: mivukuto, majembe, mikuki, mishale.

Hapo baba mkwe akageuka mwalimu. Akawaeleza kwamba mshale wenye miiba haung'oki kirahisi, ukiuvuta unachana nyama. Sumu huchemshwa kutoka kwenye miti mpaka inakuwa nzito na nyeusi kama lami, na mwindaji huizungushia ngozi laini isikauke.

"Babu, watu wa kale walikuwa wanaishika bila glavu?" akauliza wa kwanza.

"Kale ipi? Mimi nimekesha na upinde huu, baba yako ameshazaliwa!"

Mume wangu akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa enzi za mwanzo za Sungusungu, miaka ya 1980. Baada ya Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, bunduki zilizagaa, na wezi wa ng'ombe wakawa wanakuja nazo. Serikali ilikuwa mbali, askari wachache. Vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vikajipanga: kila mwanaume upinde, mishale, filimbi. Ikipulizwa, kila anayesikia anatoka. Ukibaki ndani, faini inakusubiri.

Baba mkwe anavyosimulia unaweza kudhani ilikuwa sherehe. Mimi nimesikia na upande mwingine, wa vikongwe waliofukuzwa vijijini kwa kuitwa wachawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Sikulisema pale, mkwe ni mkwe. Lakini mdogo hana adabu hizo.

"Babu, uliwahi kumpiga mtu?"

"Tuliwapata ng'ombe," akajibu, akaanza kuulizia bei ya soda.

Usiku nikamwambia mume wangu kwamba watoto wakikua kidogo wataambiwa hadithi yote, na atakayeisema ni yeye, si mimi. Amekubali kwa shingo upande. Kwa sasa kuna ubishi mwingine: Babu anataka kuwachongea pinde za mchezo, mishale bila chuma, waende nazo Dar. Nimesema zibaki Kisesa. Basi lenyewe abiria wamebanana, na hawa wawili hawawezi kukaa saa moja bila kulengana.