Ndege Mwenye Mdomo Uliovunjika

Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño, maji ya Bahi, kule Dodoma, yaligoma kukauka. Nilikuwa darasa la sita, nimepelekwa kwa mjomba kuamia mpunga, maana kweleakwelea wakishuka hawaachi kitu. Debe, kelele na manati, tangu alfajiri hadi jua linazama.

Siku ya tatu nikamwona ndege mkubwa, mweusi, miguu mirefu, anatembea polepole majini kando ya majaruba. Nikadhani ni korongo wa kawaida tu, mpaka alipogeuka ubavu. Mdomo haufumbi! Ncha zimekutana, lakini katikati pana pengo, unaona mwanga upande wa pili. Nikajua hiyo ni kazi ya binamu yangu. Manati yake ilikuwa ya mpira wa tairi, na shabaha yake ilikuwa balaa.

Jioni nikamsemea: kamvunja mdomo ndege wa majini. Mjomba hakuuliza ndege gani. Binamu akala fimbo mbili kabla hajamaliza kujitetea.

Asubuhi mjomba akataka nimwoneshe huyo majeruhi. Tukawakuta saba, sita wakiwa na pengo lilelile. Mjomba akaangua kicheko, kisha akanyamaza ghafla.

"Huyu anakula konokono, mjomba," akaniambia. "Ndivyo alivyoumbwa."

Tukachuchumaa. Mmoja akazamisha mdomo, akahangaika kidogo chini ya maji, akaibuka na mnofu laini akameza. Mjomba akaingia majini, akaokota gamba, akaniwekea kiganjani: tupu, lakini halina hata ufa. Hapondi, ncha ya chini ya mdomo huingia ndani kama kisu na kuikata nyama pale iliposhika.

"Na yule?" Wa saba alikuwa amepauka, mdomo wake umenyooka.

"Mtoto. Pengo litakuja akikua."

Waliporuka, manyoya yao yaling'aa kijani na zambarau, shingo zimenyooka mbele, si kama yangeyange anayeikunja.

Mjomba hakumwomba binamu radhi; wazee wa wakati ule hawakuwa na desturi hiyo. Usiku alimpa paja la kuku, lote. Mimi nikapewa zamu ya alfajiri, ile ya umande na baridi, peke yangu mpaka mpunga ulipovunwa.