Flaiwili iliyoganda na wanja wa mama watoto

Karakana yangu iko Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, vichochoro viwili kutoka baharini, na jirani yangu wa ukuta ni seremala. Sauti ya nyundo nimeizoea. Nyundo ya seremala haina haraka, ina kituo chake. Ile ya mtu anayepiga shafti ya injini naijua hata nikiwa barazani na kikombe cha kahawa: inalia kwa hasira, na kila pigo linalikimbiza lililotangulia.

Wiki jana niliisikia ikitokea dikoni. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Baada ya nusu saa vijana wawili wakaingia kwangu na mashine ya boti wameitundika kwenye mti, Yamaha ya nguvu farasi 15, na nyuma yao nahodha wa Faza ninayemjua miaka mingi. Mpwa wake alikuwa bado ameshika nyundo.

"Fundi, koili imekufa, moto hauji. Na koili iko chini ya gurudumu hili. Limekataa kutoka."

Koili ndiyo inayotoa umeme wa cheche ya plagi, ndio huo moto. Nikainama kuangalia. Ncha ya shafti ilikuwa imetanuka kama uyoga, thredi mbili za mwanzo, ile mikato ya kukazia nati, zimelala. Ukingo wa flaiwili, ndilo gurudumu lenyewe, una makovu ya nondo, huku na huku.

"Nani amepiga, ami?"

Nahodha akaangalia dari. Mpwa akaangalia nyundo, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Basi nieleze, maana si yeye peke yake. Ncha ya shafti pale juu haikunyooka, imechongwa kuelekea kuchongoka, na tundu la flaiwili limechongwa vivyo hivyo. Sisi huita teipa. Nati ikikazwa, koni moja inaingia ndani ya nyingine na kung'ang'ania. Kile kipande kidogo cha nusu mwezi, kii, watu wengi hudhani ndicho kinachoshika gurudumu lisizunguke peke yake. Sicho. Kinacholishika ni ule mbano wa teipa. Kii kazi yake ni kuonyesha mahali tu, ili sumaku za flaiwili zipite kwenye koili kwa wakati wake na moto uruke pistoni ikiwa panapotakiwa.

Kwa hiyo nikamuuliza nahodha: kabla moto haujakatika, kamba ya kuwashia ilikuwa inarudi kwa nguvu?

Akanionyesha kiganja. Kilikuwa kimechanika, kimeanza kupona. "Tangu Ramadhani inanirusha mkono. Nikadhani ni petroli mbaya."

Hapo nikajua nitakachokikuta. Lakini kwanza itoke.

Kwa tupa ya pembe tatu nilizifufua zile thredi, moja baada ya nyingine, nusu saa nzima ya kazi ambayo nyundo iliifanya kwa dakika moja. Halafu nikarudisha nati, nikaizungusha mpaka ikawa sawasawa na ncha ya shafti. Iko hapo kwa sababu mbili: kuzilinda thredi, na kulizuia gurudumu lisinirukie usoni. Flaiwili ina matundu matatu yenye thredi karibu na kitovu chake, na hayo hayakuwekwa kwa urembo. Ni ya pula, chombo cha kuling'olea gurudumu. Bolti tatu zikaingia, nikahakikisha zimezama sawa, kisha bolti ya katikati ikakaa juu ya shafti nikaanza kukaza. Usitie pula ya makucha ukingoni. Ukingo utapinda, na gurudumu likipinda linatikisa injini nzima. Moto wa gesi nao usiusogeze, sumaku zitakufa au gundi yake itaachia.

Kaza mpaka spana ikwambie imetosha. Halafu nyundo, ndiyo, nyundo ina zamu yake: pigo moja fupi juu ya kichwa cha bolti ya katikati. Si kwa nguvu. Unataka kuishtua teipa tu. Halijatoka? Ongeza robo ya mzunguko, gonga tena. Nilienda hivyo mara nne, nikaacha, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nikakaza kidogo mno, likaita *paa!* kama bunduki. Mpwa alikuwa tayari nje.

Ndani ilikuwa kama nilivyodhani. Kii imekatika nusu, imebaki na ngazi katikati. Teipa ina michubuko myeusi na kutu nyekundu kama unga wa pilipili, na pembeni kuna mabaki ya grisi. Fundi aliyeifunga mara ya mwisho, sijui wa wapi na sitaki kujua, alipaka grisi kwenye teipa kisha akakaza nati kwa kubahatisha. Gurudumu likawa linacheza kidogo sana, kiasi cha jicho kutoona. Likaikata kii, moto ukaanza kuruka wakati usio wake, kamba ikamchana nahodha kiganja. Na chuma kikisuguana na chuma hivyo, vinachubuana mpaka vinashikana. Gurudumu lile liligoma kutoka kwa sababu lilifungwa likiwa limelegea. Hili kijana hakulikubali kirahisi, nikamwonyesha zile alama kwa kidole.

Kurudisha ndiko kulikochukua siku. Nilifuta kila kitu kwa petroli, nikapaka dawa ya kusagia vali kwenye teipa, nikalivalisha gurudumu bila kii, nikalizungusha kwa mkono kwenda na kurudi, mwendo mdogo. Nikaosha. Sasa utajuaje kama vimegusana vizuri? Vitabuni kuna rangi ya buluu ya kazi hiyo. Mimi hutumia wanja. Unapaka utando mwembamba kwenye shafti, unakalisha gurudumu, unalitoa, unatazama ndani ya tundu wanja umehamia wapi. Mara ya kwanza ulishika juu tu, kama pete. Mara ya tatu ulienea zaidi ya robo tatu, nikaridhika. Ukafutwa wote, maana teipa hufungwa kavu na safi, bila grisi wala oili. Kii mpya, koili mpya, halafu nati kwa spana ya kupima, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Beringi, zile pete zenye gololi ambamo shafti huzunguka, nazo hubana kwenye shafti, ila ni habari nyingine, na huko mwalimu wangu alikuwa ami yangu, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza alinikuta natwanga beringi kwenye shafti ya dizeli ya silinda moja, napiga pete ya nje. Akaniambia, "Usipije, mwanangu. Itie moto." Ukipiga pete ya nje, nguvu inapita kwenye gololi, zinaacha vishimo, na beringi mpya itaanza kunguruma kabla haijamaliza mwezi. Yeye aliweka sufuria ya oili juu ya makaa, akaitundika beringi kwa waya isiguse chini, akasubiri. Chuma cha pua kwa tundu la milimita 25, kikitoka digrii 30 kufika 110, kinatanuka kama milimita 0.024. Ni theluthi ya unywele. Lakini mbano wenyewe mara nyingi hauzidi hapo, basi beringi inateleza kwenye shafti kama bangili mkononi. Zaidi ya digrii 120 usipeleke. Shafti yenyewe aliifunga mfuko wa nailoni akaizika kwenye barafu ya wavuvi. Beringi zenye ngao za mpira hazitiwi kwenye oili, kwani grisi yake itayeyuka itoke. Hizo nazilaza juu ya kikaango kikavu, moto mdogo, na kipimajoto pembeni.

Propela sitaizungumzia sana. Ile haikutakiwa kubana hata kidogo, ni chumvi tu. Mashua zinazolala wakati wa kusi huja kwangu kaskazi ikianza, propela imeshika shafti kama chaza jiweni, na dawa yake ilikuwa kuivua mara moja kwa mwezi na kupaka grisi isiyokubali maji.

Mashine ya nahodha tuliijaribu kwenye pipa la maji. Kamba ya pili ikawaka, na mkono wake haukurushwa. Akauliza bei, akaguna: "Zote hizo kwa nati moja?" Akalipa lakini. Kii ya zamani aliiomba, akaifunga kwenye pindo la kikoi.

Wanja haujarudi kwenye meza ya mama watoto. Umebaki mdogo, una chembe za chuma, na nimeshaulizwa mara mbili.