Noble Johnson ndani ya Baghdad ya Hollywood
Jana nimetazama The Thief of Bagdad, filamu bubu ya mwaka 1924. Douglas Fairbanks, anayeigiza mwizi, anaruka kuta kama hana mifupa, ila macho yangu yalibaki kwa wengine. Mwanamfalme wa India ni Noble Johnson, Mmarekani mweusi, mmoja wa waanzilishi wa Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya filamu ya watu weusi ya mwaka 1916! Wa Mongolia ni Sojin Kamiyama, Mjapani. Lakini mwizi mwenyewe na binti wa khalifa, wote Wazungu. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, kapewa ujakazi na usaliti, na bado kila anapotokea huwezi kumtazama mwingine. Inaniuma sana. Alistahili kuwa yule binti mfalme.