Mechi Niliyoitazama Jukwaani

Mimi kocha nilipewa kadi nyekundu kwa ajili ya beki wangu wa kushoto. Si kwamba alinituma. Nilivuka eneo la ufundi, ile nafasi ya kocha mbele ya benchi, mara tatu kwenda kumfokea, na mara ya tatu mwamuzi wa akiba akachoka nami. Adhabu ikawa mechi moja nje ya benchi: nisiingie chumba cha kubadilishia nguo, nisiwasiliane na msaidizi wangu kwa njia yoyote.

Nikapanda jukwaani na kidaftari. Kwenye ngazi nilimkumbuka Arsène Wenger, kocha wa Arsenal wakati huo, Agosti 2009 pale Old Trafford, alipoondolewa kwenye benchi kwa kupiga teke chupa ya maji, akaishia kusimama mbele ya mashabiki wa Manchester United, mikono ameitanua, hajui aende wapi. Mimi angalau nilipata kiti.

Ukisimama kwenye chaki, uwanja wenye upana wa mita 68 unajikunja. Wachezaji wanapandana kama nguo kwenye kamba moja. Huwezi kujua kati ya huyu na yule pana mita tatu au kumi na tano. Unayemwona vizuri ni aliye karibu nawe, hata jasho lake unaliona, na huyo ndiye anayekula makelele yote. Nimefanya hivyo miaka sita nikiamini ndiyo kazi.

Kule juu dakika kumi zilitosha. Mshambuliaji wao wa kati alikuwa anashuka kuomba mpira, beki wetu wa kati anamfuata, nyuma panabaki shimo. Beki wa kushoto, yule yule niliyemwita mzururaji, anakimbilia ndani kuliziba, na winga wao anabaki peke yake. Siku zote nilikuwa namwona winga tu, na beki hayupo. Dakika ya 31 tukafungwa hivyo hivyo. Bao lile niliona linakuja pasi tatu kabla. Nikasimama, nikakaa, simu mfukoni. Mzee wa kiti cha jirani akaniuliza kama najisikia vibaya.

Mkosaji nikampata: kiungo mkabaji. Yule mshambuliaji alikuwa mtu wake, na kila mara anafika amechelewa. Nikaandika "mvivu", nikapigia mstari. Kipindi cha pili kilipoanza hakuwepo uwanjani. Nikafurahi, kumbe msaidizi naye ameona! Tukasawazisha, ikaisha 1-1.

Baadaye nikamuuliza aliligunduaje lile shimo. Akanishangaa.

"Shimo gani, mwalimu? Kijana alikuwa anachechemea. Kila akigeuka, anauma meno."

Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba hadi kamba za kiatu zikakatwa ndipo kiatu kikavuliwa. Kilimsumbua wiki ya tatu sasa, akawa anaficha asikose namba. Wiki zote hizo mimi namfokea beki wa kushoto. Na kutoka juu kule, anayechechemea na anayejivuta walikuwa kitu kimoja.

Ule ukurasa niliuchana. Mazoezi yaliyofuata nikamwita beki wa kushoto pembeni, nikamwomba radhi kwa yote niliyomtupia. Alisikiliza ameinama, anafunga kamba za kiatu taratibu.

"Yameisha, mwalimu," akasema. "Ila mechi ijayo, unakaa wapi?"