Tulivyozungumza na mashoga zangu habari ya sare za siku moja

Huku Mtwara msimu wa korosho ndio msimu wa sherehe. Minada ikianza Oktoba na hela ikishaingia kwenye akaunti za wakulima, harusi zinafuatana. Shule zikifungwa Desemba, karibu kila mtaa una mwali anayetolewa. Na kila sherehe ina sare yake. Rangi ikishatangazwa, kijora cha harusi iliyopita hakivaliki tena hata kama kimevaliwa saa tano tu, kwa sababu kimeshaonekana kwenye picha.

Mimi ni fundi cherehani, na kikundi chetu cha akina mama ni cha kuzikana, kusaidiana shughuli na kuweka hisa. Kilichokuwa kinaniumiza ni kuona mwenzetu anakopa kwenye kikundi ili anunue kijora cha 12,000, halafu kabla deni halijaisha, sare nyingine imetangazwa. Vijora vyenyewe nilikuwa naletewa kuvirekebisha. Ukivigeuza ndani unakuta mshono wa mstari mmoja, ovaloki imepita ukingoni kabisa, hakuna akiba ya kitambaa hata ya nusu kidole ya kuachia mtu akinenepa. Nguo iliyokatwa hivyo haikutengenezwa ikae.

Nilitaka tulizungumze, ila nilijua mahali pa kutolizungumzia. Kwenye kikao, siku ya kutangaza sare, ukinyanyua mdomo unaonekana unamnyima bibi harusi furaha yake, na mama yake yupo pale pale anakusikiliza. Kwenye kundi la simu ni vibaya zaidi, maana neno likiandikwa halina sauti wala sura, kila mtu analisoma kwa hasira zake. Nikasubiri siku ya kuchambua mchele. Pale mikono ina kazi, wakubwa na wadogo tumekaa mkeka mmoja, hakuna mwenyekiti wala ajenda, na mtu akikukatalia haondoki, mchele bado haujaisha.

Sikuanza na hotuba. Nilichukua vipande viwili nilivyotoka navyo nyumbani, kimoja cha kijora na kimoja cha kanga ya pamba, nikachomoa uzi kila upande na kuomba kiberiti. Mafundi wengi tunapima kitambaa hivyo. Uzi wa kanga uliwaka kama karatasi, ukabaki majivu yanayosagika kwenye vidole. Uzi wa kijora ulijikunja, ukayeyuka, ukatoa moshi wa plastiki na kuacha kitone kigumu cheusi. Kile kitone kilizunguka mkeka mzima, kila mtu anakibonyeza kwa ukucha.

"Kumbe tunavaa ndoo!" wifi yangu akasema, na hapo mazungumzo yakaanza bila mimi kuyasukuma. Nikawaeleza kuwa kijora kile ni cha poliesta, na poliesta inatokana na mafuta ya petroli, na zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani leo kwa ajili ya vitambaa ni poliesta. Kila ukiifua inaachia vinyuzi vidogo visivyoonekana, na maji yanavipeleka hadi baharini. Lakini lililowagusa zaidi walilisema wenyewe. Kanga ikichakaa inakuwa ubeleko, halafu nepi, mwisho tambara la kupigia deki. Kijora kikichakaa hakina kazi, hata kwenye deki hakinywi maji. Kinaishia jalalani au kinachomwa uani, na moshi ule ule tuliousikia kwenye uzi mmoja watoto wanauvuta kutoka kwenye nguo nzima.

Akauliza mmoja wetu, inakuwaje nguo iliyovuka bahari iuzwe rahisi kuliko kushonesha hapa mtaani? Nikamjibu kuwa kuna mtu amelipa ile tofauti. Nikawasimulia Rana Plaza, jengo la ghorofa nane kule Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya kushonea nguo za makampuni ya Ulaya na Marekani. Kuta zilipata nyufa, benki iliyokuwa humo ikawaondoa watu wake, washonaji wakaamriwa kurudi kazini kesho yake. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo likaporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake. Sikusema vijora vyetu vimetoka huko. Lebo zake hazikuwa na neno lolote, na hilo nalo nililisema: nguo isiyotaja ilikoshonwa, huwezi kumuuliza mtu yeyote habari yake. Simulizi hii inanigusa kuliko zote, kwa sababu najua mgongo unavyouma ukikaa kwenye cherehani tangu asubuhi, na hapo nakaa kwangu, kwa ratiba yangu.

Ugumu ulikuja aliponikatiza dada mmoja anayeuza vijora sokoni. "Mwenzangu, mimi nasomesha kwa hivi vijora. Mkiacha kununua nile nini? Na wewe ni fundi, unataka sote tuje kushona kwako." Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwambia mbele ya wote kwamba wakikubaliana kushonesha, sare za kikundi zitapelekwa kwa mafundi wengine, mimi sitapokea hata moja. Na kwamba simlaumu muuzaji, wala simlaumu anayevaa mtumba au kijora cha bei rahisi kwa sababu ndicho anachokimudu. Ninachokikataa ni kulazimishana kununua kipya kila wiki. Nadhani bila maneno hayo mawili tungeishia hapo.

Shangazi, ambaye muda wote alikuwa anapepeta kimya, naye akasema lake. "Nyinyi mnaongea kushiba. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nguo ilikuwa ya foleni, unavaa kiraka juu ya kiraka. Mitumba ilipoanza kuingia tulimshukuru Mungu." Hakuna aliyembishia. Aliendelea mwenyewe, akasema gauni moja wakati ule lilivaliwa harusini, likavaliwa Idi, likapunguzwa likawa la mtoto, na hakuna aliyehesabu mara ngapi ameonekana nalo. Nilimpenda sana siku ile. Kwangu mimi hoja yake ilikuwa na uzito kuliko zangu zote, maana ilitoka kwa mtu aliyeijua dhiki ya nguo.

Basi wakasema, tuhamie kwenye pamba, mambo yaishe. Hapo ilibidi niwe mkweli. Fulana moja ya pamba inakadiriwa kutumia lita 2,700 za maji, kuanzia shambani. Hayo ni madumu 135 ya lita 20, na sisi tunajua uzito wa dumu moja kichwani. Kule kati ya Kazakistani na Uzbekistani, bahari ya Aral ilikuwa moja ya maziwa makubwa kabisa duniani. Tangu miaka ya 1960 mito yake ikageuzwa kumwagilia pamba, maji yakarudi nyuma, mashua za wavuvi zikabaki mchangani. Wenye waume wavuvi waliacha kuchambua, wakawa wananitazama. Hata huku kusini pamba ina damu yake. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, Kilwa, waling'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima na Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanzia hapo. Kwa hiyo pamba si dawa. Dawa niliyoiona mimi ni moja, nguo iliyopo ivaliwe mara nyingi, iwe ya uzi gani.

Hatukufikia makubaliano siku ile, na sikuyaomba. Yalikuja baadaye, na aliyeyapeleka kikaoni ni wifi yangu, si mimi, jambo ambalo nilifurahi kwa sababu lilikuwa limeshakuwa lao. Kikundi kina sare moja tu kwa msimu, kitenge cha pamba kilichoshonwa na akiba ya mshono, na kwenye kila shughuli tunabadilisha kilemba kutokana na rangi ya mwenye sherehe. Asiye na hela ya kitenge anakuja na kanga zake na haulizwi. Vijora vya zamani havitupwi, vinavaliwa siku ya mapishi. Yule dada wa sokoni ndiye aliyepewa kazi ya kuleta vitenge, na sasa kabla hajanunua mzigo anachomoa uzi na kuuchoma.

Mabinti wetu hawajakubali. Wao wanasema picha zote za mwaka zinafanana, na sina jibu la kuwaridhisha zaidi ya kuwashonea wanachokichora wenyewe kutokana na magauni ya mama zao, kazi ambayo wawili watatu wameanza kuipenda. Jambo lililobaki ni nguo za watoto za Idi. Hapo wifi yangu huyo huyo ameshatuambia hataki kusikia habari ya gauni la mwaka jana, na kuchambua mchele kwingine kunakuja.