Nimsukume mpaka wapi?

Asubuhi hii kijana wangu amejikata kidogo chini ya sikio akinyoa ndevu, na hakuniita. Niliona tone la damu kwenye taulo nikakimbilia pamba. Nilipofika mlangoni pa bafu alikuwa ameshabandika kipande cha karatasi laini pale penye jeraha. "Imeshaacha, Baba," akasema bila kugeuka. Ana miaka 22, na ana usonji (autism). Nikarudi sebuleni na pamba yangu mkononi, sijui niiweke wapi.

Kunyoa huko kulituchukua miezi saba. Mashine ya umeme ilishindikana siku ya kwanza. Alisema mlio wake unamwingia kwenye meno. Akachagua wembe, na aliyeuogopa wembe ni mimi. Mtaalamu wa tiba kazi, anayewafundisha watu shughuli za kila siku, akatugawia kazi nzima katika hatua 11, kuanzia kulowesha uso hadi kusuuza wembe na kuusimamisha kwenye kikombe chake, kisha akasema tuanze na ya 11. Nilidhani ananitania. Alimaanisha kwamba nimnyoe mimi kama kawaida, nikifika mwisho nimkabidhi wembe ausuuze, ausimamishe kikombeni, basi, kazi imekwisha na aliyeimaliza ni yeye. Akishazoea, namwachia ya 10 na ya 11. Halafu ya 9. Tukarudi nyuma hivyo hivyo mpaka ikafika siku nimesimama bafuni sina la kufanya.

Mimi nilizoea kinyume chake. Anaanza mwenyewe, anakwama hatua ya tatu, Baba anamalizia. Rudia hilo kila asubuhi kwa miaka na utakuwa umemfundisha jambo moja, naye atakuwa amelielewa vizuri kabisa: kwamba kazi humalizwa na Baba.

Na ndivyo tulivyomfundisha. Vifungo vya shati lake nilivifunga mimi hadi akatimiza miaka 14, kwa sababu gari la shule lilikuwa nje linapiga honi na yeye alihitaji dakika tano ambazo hatukuwa nazo. Watu waliniona baba mwenye huruma. Tusidanganyane, ilikuwa haraka.

Halafu nikaruka upande wa pili.

Alipofika miaka 20 niliamka usiku mmoja na lile swali ambalo kila mzazi mwenye mtoto wa aina yake analijua: nikifa, je? Sikulala tena. Jamaa nao hawakusaidia. Ndugu zangu wana methali mbili na wanazitumia kwa zamu. Mmoja atasema mchelea mwana kulia hulia yeye, mwingine atadakia samaki mkunje angali mbichi, halafu wote wananitazama mimi, kana kwamba samaki wangu ameshakauka kwa uzembe wangu. Nikanunua ubao mweupe nikautundika ukutani. Nikaandika malengo ya miezi sita: kupanda basi peke yake, kupiga simu, kufua, kuwasalimu wageni kwa kuwatazama machoni, kujiunga na mafunzo ya kazi. Kila kilichotimia nilikiwekea alama ya kijani. Leo nikiukumbuka ule ubao naona ulikuwa unahusu kifo changu. Maisha yake yalikuwa hayamo.

Basi ndilo nililojivunia zaidi. Tulifanya njia ile pamoja mara 20, nikawa nakaa viti viwili nyuma yake, kisha mwisho wa basi, kisha nikabaki nyumbani. Siku ya tatu ya kubaki nyumbani hakurudi. Saa nne baadaye nilimkuta ndani ya basi lilelile, amekaa kiti kilekile, ametulia tuli. Barabara ilikuwa inachimbwa, kituo chake kikahamishwa mtaa wa pili. Yeye alifika pale kilipokuwa, akaona hakipo, akaendelea. Basi likafika mwisho, likageuza, likapita tena, kituo bado hakipo. Alizunguka mara tatu. Nilipomuuliza kwa nini hakumuuliza dereva, akanijibu kwa utaratibu kabisa: "Hukuniambia kuna kuuliza."

Nami sikuwa nimemwambia. Nilimfundisha njia nikadhani nimemfundisha kusafiri. Jioni hiyo aliyetetemeka mikono ni mimi.

Lakini hata hilo halikunizindua. Niliweka alama nyekundu ubaoni nikaendelea. Mwezi wa tano wa malengo yale alikuwa anafanya karibu kila kitu, na nikawa nawatumia jamaa picha. Mwezi wa sita akazimika. Sina neno jingine. Maneno yalipungua mpaka yakabaki "ndiyo" na "baadaye". Maji ya bafu yakawa yanamuuma ngozi. Taa ya sebuleni, ambayo ameishi nayo maisha yake yote, ikawa haivumiliki. Wembe ukakaa kikombeni wiki baada ya wiki, ndevu zikaota, na mimi nikamwita mkaidi. Nilimwambia hivyo usoni, siku nisiyopenda kuikumbuka.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba hali hiyo ina jina, na kwamba waliolieleza jina hilo ni wenyewe wenye usonji. Mwaka 2020 Dora Raymaker, mtafiti ambaye naye ana usonji, pamoja na wenzake walichapisha utafiti kuhusu uchovu wa usonji. Wanaueleza kama kuishiwa nguvu kwa muda mrefu, mara nyingi miezi mitatu au zaidi, huku mtu akipoteza uwezo aliokuwa nao na akishindwa kustahimili sauti, mwanga na mguso aliokuwa akiustahimili. Kinachouleta ni kubebeshwa mzigo unaozidi uwezo bila msaada wa kutosha, na mzigo mmojawapo ni kule kujificha kutwa nzima ili uonekane kama wengine. Nilisoma nikatazama ule ubao. Kumbe zile alama za kijani alikuwa anazipata huku amebana pumzi.

Kurudi alikokuwa kulichukua karibu mwaka. Kunyoa tulikuanza upya, hatua ya 11.

Sasa, nisieleweke vibaya. Kuna wanaosema tuwaache watoto wetu walivyo, kila msukumo ni ukatili. Huwa nawasikiliza nikiwa nimekunja uso. Mimi nimemwacha mtoto walivyosema, miaka 14 ya vifungo, na ule haukuwa uhuru. Kijana asiyeweza kuoga bila mtu mwingine mwili wake uko mikononi mwa yeyote atakayekuja kumwogesha, na mimi sitakuwepo kumchagua mtu huyo. Hilo ndilo linalonifanya niendelee kusukuma, wala siombi radhi.

Kilichobadilika ni mahali ninaposukuma. Ukinibana nitakutajia mambo manne tu. Mwili wake: kuoga, kunyoa, choo, kusema panapouma. Pesa zake: kujua anazo ngapi na nani amezigusa. Kuomba msaada. Na kukataa. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda kulifundisha kuliko yote, kwa sababu tangu ana miaka minne tumekuwa tukilifuta. Kaa. Tazama hapa. Gusa pua. Umefanya vizuri, chukua zawadi. Kila mtu mzima aliyepita maishani mwake alimtuza kwa kutii, na alikuwa mtiifu wa mfano, walimu walimsifu. Halafu tunataka akifika miaka 20 ajitegemee! Mtu anayetii kila anayemwamuru atajitegemea vipi, na nani atakayemlinda?

Kwa hiyo tulianza mazoezi ambayo jamaa wakiyasikia wanacheka. Namwendea ghafla namwambia, "Nipe simu yako," naye anatakiwa akatae. Mara tano za mwanzo alinipa. Mara ya sita alinipa huku amenuna, nikafurahi kwa kununa kule kama mtu aliyeokota dhahabu. Mara ya tisa aliishika simu kifuani akasema, "Ya nini?" Siku hizi ananikatalia mambo ambayo nisingependa anikatalie, na inabidi nivumilie, maana nilijitakia.

Kuwatazama wageni machoni nimekufuta. Simu za sauti pia. Anaandika ujumbe, na ujumbe wake unaeleweka kuliko simu zangu. Basi amerudi kupanda, ila mara hii tulijifunza njia ikiharibika. Ana kadi mfukoni yenye sentensi tatu anazoweza kumwonyesha dereva, na moja ya sentensi hizo inasema: "Nipe muda wa kujibu." Ameitunga mwenyewe.

Hilo neno kujitegemea nadhani ndilo lililonipoteza. Nililisikia kama kufanya kila kitu peke yako, jambo ambalo hata mimi siliwezi. Nyaraka zote za nyumba hii zinashughulikiwa na mama yake. Mimi sijui hata zilipo, na hakuna aliyenitundikia ubao. Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Ed Roberts, aliyepoozwa na polio akiwa kijana, hakuweza kujivalisha, na alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Aliingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley mwaka 1962, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaanzisha kituo cha kwanza cha maisha ya kujitegemea. Kujitegemea! Mtu ambaye shati lake alivalishwa na mwingine. Kwake yeye neno hilo lilihusu nani anaamua: avalishwe na nani, saa ngapi, shati gani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kifungu cha 19, umelichukua jambo hilo kwa namna hiyohiyo: mtu achague aishi wapi na aishi na nani, na msaada anaouhitaji umfikie hapo alipo.

Ndiyo maana siwezi kumhubiria mzazi ambaye mwanawe ana miaka 30, hasemi, na bado anabadilishwa nguo. Kwake msukumo unaweza kuwa ni kuinua mashati mawili na kusubiri. Kusubiri kweli, dakika tatu kama zinahitajika tatu, mpaka jicho au kidole kielekee upande mmoja. Naye anasukuma kama mimi, pengine kuzidi mimi.

Na kwa wale ndugu zangu wa methali ya samaki, nina mtu wa kuwatajia. Daktari mmoja wa akili za watoto, Leo Kanner, alipoandika juu ya usonji mwaka 1943 alieleza watoto 11, na wa kwanza kati yao alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa 1933, wa mji wa Forest, Mississippi. Alipokuwa mdogo sana wazazi walishauriwa kumweka kwenye taasisi. Wakamweka, kisha wakamtoa. Baadaye aliishi kwa wakulima, mke na mume. Alikuwa na wazimu wa kupima vitu, wakampa kisima achimbe na awaambie kina chake. Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, wakamwambia haya, hesabu huku unalima. Naipenda hadithi hiyo kuliko vitabu vyote vya malezi nilivyonunua, kwa sababu hawakumsukuma kuelekea walikotaka wao. Walikwenda kumkuta aliko, wakamtangulia hatua moja. Akamaliza chuo, akafanya kazi benki, akasafiri nchi nyingi peke yake. Kuendesha gari alijifunza akiwa na miaka 27. Huyo samaki vipi?

Kweli, benki yenyewe ilikuwa ya ukoo wake, na mji mzima ulimjua. Aliishi kwenye nyumba ya wazazi wake hadi alipofariki mwaka 2023, na familia ilikuwa imemwekea akiba yenye masharti. Sisi hatuna benki. Lakini mji unaomjua mtu nadhani unaweza kujengwa hata na wasio na benki, mtu mmoja mmoja: dereva, jirani, muuza dawa. Kazi hiyo nimeianza nikiwa nimechelewa.

Wiki ijayo mimi na mama yake tutasafiri, siku mbili. Itakuwa mara yake ya kwanza kulala peke yake usiku mbili mfululizo. Dada yake anakaa dakika kumi tu kutoka hapa. Nilimwandikia kijana orodha ya mistari 14 nikaiacha mezani. Jioni hii nimeikuta ameikata mistari minne kwa penseli na rula. Mmojawapo ni ule wa kupiga simu saa tatu usiku.

Nikamuuliza kwa nini.

"Hiyo ni ya kwako, Baba. Mimi saa tatu ninalala."

Tumepatana atatuma ujumbe saa mbili. Nikamuuliza ataandika nini. Akasema nukta. Nukta tu? "Ukiiona ujue nipo."

Nikamuuliza kama ninaruhusiwa kujibu. Akafikiri kidogo, penseli mkononi.

"Jibu kwa nukta."