Lukewarm, tepid na jamaa zao

Ukienda dukani Kampala kununua soda, muuzaji atakuuliza: ya baridi au "warm"? Hapa kwetu "warm" ni chupa iliyotoka kwenye kreti bila kupita frijini, basi. Neno hilohilo ukilisema baani London, mhudumu atachanganyikiwa, maana kwake kinywaji "warm" ama kimepashwa moto ama kimeharibika ladha. Kule sema "not chilled" au "at room temperature", na kama unachokwepa ni barafu tu, "no ice" inatosha.

Ngazi yenyewe ya joto si ngumu: "cold", "cool", kisha "tepid" na "lukewarm" ambazo karibu zinalingana, halafu "warm" na "hot". Kinachowaponza watu ni kwamba "lukewarm" hubeba lawama. Chai iliyosahaulika mezani ni "lukewarm". Soda iliyotakiwa iwe baridi ikashinda juani nayo ni "lukewarm". Moja imeshuka, nyingine imepanda, na zote mbili zimemwangusha mnywaji. Jikoni ndipo neno hili halimlaumu mtu. Maelekezo ya mkate yakisema "lukewarm water", chukua maji ya nyuzi 37 hadi 40 hivi: ukichovya kidole husikii moto wala baridi. Maji yaliyotoka kuchemka huua hamira na unga hautaumuka. Ya baridi huichelewesha tu.

Hiyo "luke" haimhusu Luka wa Injili. Ni neno kuukuu la Kiingereza ambalo peke yake lilimaanisha uvuguvugu, kisha likabebeshwa "warm". "Tepid" imetoka Kilatini. Mabafu ya Warumi yalikuwa na chumba kiitwacho tepidarium, katikati ya kile cha baridi na kile cha joto kali. Hadi leo "tepid" ina harufu ya kalamu: utaikuta kwa wahariri na madaktari kuliko mitaani.

Kwa binadamu, Waganda wengi wamelisikia neno "lukewarm" kanisani kwanza. Ufunuo 3:16, barua kwa kanisa la Laodikia: wala baridi wala moto, nitakutapika. Tangu hapo "he is lukewarm", ikiachwa hivyo bila nyongeza, husikika kama mahubiri ya walokole juu ya imani ya mtu. Kama unazungumzia mradi wa kisima na si wokovu, taja jambo lenyewe kwa "about": "she was lukewarm about the proposal". "Lukewarm for" haipo, ingawa kwenye ripoti nimeisoma mara nyingi mno.

Halafu kila neno lina nomino zake. "Lukewarm" huenda na "response", "reception" na "support". "Tepid" hupenda "applause", na waandishi wa uchumi huitumia kwa "growth" inayosuasua. "Half-hearted" ni ya kitendo: "a half-hearted attempt", "a half-hearted apology", kamwe si ya maji. Mtu aliyesoma risala ya ukaribisho huku akitazama saa, amefanya "a perfunctory speech": wajibu umetimizwa, moyo haukuwepo. Usiweke "indifferent" mahali pa "lukewarm", kwa kuwa "indifferent" hajali kabisa upande wowote, ilhali "lukewarm" ameunga mkono, ila kwa kuvutwa.

Mtego mbaya kuliko yote ni "cool". Kwenye muhtasari wa mkutano wa LC1, yaani baraza la kijiji, ukiandika "the chairman was cool towards the plan", umesema mwenyekiti hakuupenda. Ukiandika "the chairman was cool with the plan", ameukubali. Kihusishi kimoja tu, na uamuzi umegeuka. Katika maandishi ya kikazi afadhali uache yote mawili: "had reservations" kwa la kwanza, "agreed to" kwa la pili.

"Nonchalant" ina asili tamu. Ilipitia Kifaransa, na shina lake ni kitenzi cha Kilatini calere, kuwa na joto. Yaani mtu asiyepata joto. Hata hivyo si tusi kila mara, golikipa anaweza kusifiwa kwa utulivu huo. "Lackadaisical" ndiyo lawama tupu, uzembe wa mtu anayejikokota; nayo iandike kwa "lack", kwani "laxadaisical" ni kosa.

Anayetafsiri kutoka Kiswahili aangalie neno letu "vuguvugu". Maji ya vuguvugu ni "lukewarm water", sawa. Lakini vuguvugu la kudai mageuzi ni "ferment" au "movement", watu wamechemka! Ukiweka "lukewarm" hapo umeandika kinyume.

Sifa nazo hupoa kimyakimya. Mwingereza akikuambia kazi yako ni "quite good", mara nyingi anamaanisha si mbaya. Mmarekani akisema hivyohivyo anakusifu kwelikweli. Na ile "somehow" yetu ya Uganda, mtu akiulizwa chakula kikoje akajibu "somehow", haivuki mpaka. Mgeni atabaki akingoja sentensi iishe. Mpe "so-so", au "it was all right" kwa sauti iliyolala.

Likija suala la kutamka, "tepid" ina "e" fupi kama ya "step". "Warm" inalingana na "form", na "worm", yule mnyoo, inalingana na "term". Watu wengi wa kwetu husema yote mawili "wam", na hapo "warm food" huweza kufika masikioni mwa mgeni ikiwa na wadudu.